Nyimbo Zisizo na Sauti ya Tatu

Uvira, 3 Julai 1960

Léocadie, mdogo wangu,

Koo langu limekauka kwa kuimba, ndiyo maana nakuandikia badala ya kungoja likizo yako nikusimulie. Tumepata uhuru, na mimi kaka yako nimekuwa bourgmestre, mkuu wa mji! Wazee wa mitaa walikaa siku nzima wakibishana, Wavira huku, Wafuliiru kule, wafanyabiashara wa Kiislamu katikati, kila upande ukikataa mtu wa upande mwingine. Mwishowe Bwana Halidi, yule muuza vitambaa, akasema, "Tumupe Norbert. Wafu wetu wote aliwatungia nyimbo. Hata mama yangu alimutungia, na hatukumuomba." Wakacheka, wakakubali.

Unaijua desturi yangu. Tangu niongoze kwaya ya parokia, hakuna mtu anayekufa mjini hapa bila mimi kumtungia wimbo wake mwenyewe. Sikujua kwamba hilo lingenipa ofisi.

Tarehe thelathini tuliimba wimbo wangu mpya mbele ya watu wote. Administrateur Mbelgiji, mtawala anayeondoka, alinikabidhi funguo za ofisi huku akitazama ziwa. Sauti ya tatu aliishika Rémy, karani wa posta, yeye peke yake kati ya waimbaji ishirini, na noti ya mwisho aliivuta mpaka mbwa wakanyamaza. Kijana huyo ananiuliza habari zako kila Jumapili. Akiuliza anatazama viatu vyake. Nimjibu nini?

Agathe anakusalimu. Anasema mume mtunzi na mume bourgmestre ni mamoja: chakula kinapoa.

Kaka yako,
Norbert


Shule ya ualimu, Bukavu, 21 Julai 1960

Yaya Norbert,

Nilisoma barua yako kwa sauti bwenini, masista wakaja mbio kuuliza kelele ni za nini. Nimefurahi sana.

Ila nina hofu kidogo. Tangu utotoni weye, kaka yangu, hujui kukataa. Mama alikuwa akisema, Norbert akiombwa shati atatoa na ngozi. Mbele ya kwaya ni vizuri kupendwa na kila mtu. Lakini bourgmestre, siku moja mtu mwenye nguvu atamwomba jambo baya kwa maneno mazuri. Siku hiyo ukumbuke neno "hapana". Ni fupi, na linaimbika.

Na huyo Rémy umwambie viatu havijibu maswali. Aniandikie mwenyewe.

Mdogo wako,
Léocadie


Bujumbura, 24 Mei 1964

Yaya,

Bwana Halidi anasema mtumbwi wake bado unaruhusiwa kupita, maana hata waasi wanahitaji chumvi na nguo. Kwa hiyo barua hii inasafiri chini ya marobota yake.

Nilivuka mpaka pale Kavimvira siku mbili kabla ya mji kuanguka mikononi mwa waasi, na mimba ya miezi minane, nikiwa nimekaa juu ya magunia ya mihogo. Masista wamenipa chumba. Rémy alikataa kuja nami. Alisema kuna barua za watu bado ziko posta, hawezi kuziacha zichomwe. Atazigawa mlango kwa mlango, kisha atanifuata. Ni siku kumi na moja leo. Katika miaka yetu mitatu ya ndoa sijawahi kuamka siku kumi na moja bila kumsikia akiimba huku ananyoa ndevu.

Je, nyumba yetu ya Songo imesimama? Umemwona kwa macho yako? Nijibu kwa mkono wako mwenyewe, usinipe salamu za mdomo.

Léocadie


Uvira, 9 Juni 1964

Léocadie, mdogo wangu,

Tulia, ulee tumbo lako. Rémy ni mzima. Anakula kwetu kila siku, na Agathe analalamika kwamba anamaliza mboga. Nyumba ya Songo imevunjwa kioo kimoja tu.

Wakubwa wapya hawakuniondoa. Kamanda wao anaitwa Révérien, mtu wa maneno laini, anayependa muziki kuliko nilivyotazamia. Amesikia habari zangu, akaniomba nitunge wimbo wa sikukuu yao. Tunaufanyia mazoezi, na Rémy tayari ameushika wote.

Nina habari njema zaidi. Kamanda anatafuta watu wanaojua Kifaransa na kazi za ofisi, ili mji usisimame. Nimelitaja jina la mume wako, la kwanza kabisa. Akipata kazi kwao hakuna atakayemgusa, na baadaye nitamwombea ruhusa aje kukuona.

Kaka yako,
Norbert


Bujumbura, 20 Juni 1964

Yaya wangu,

Mungu akubariki kwa kulitaja jina la Rémy. Nilisoma mstari ule nikalia mpaka sista akadhani ni uchungu, na kweli usiku uleule uchungu ukaanza. Nimejifungua mtoto wa kiume! Ana masikio ya baba yake na hasira zako.

Mwambie Rémy amchagulie jina. Mwambie pia aniandikie mistari miwili. Mtu wa posta kweli anakosa karatasi?

Asante tena, yaya. Bila weye sijui angekuwa wapi sasa.

Léocadie


Uvira, 13 Julai 1964

Mdogo wangu,

Hongera kwa mtoto. Rémy ametumwa Luvungi, huko bondeni, kwa kazi ya ofisi. Kuandika kutoka kule ni shida. Alisema mtoto aitwe Bahati.

Nakutumia nyimbo tatu nilizotunga. Uwafundishe wasichana wa shule ukirudi kazini. Nyingine atakuletea Halidi safari ijayo.

Sina habari nyingi. Mvua hakuna. Agathe anaumwa kichwa.

Norbert


Bujumbura, 2 Agosti 1964

Yaya Norbert,

Nimembatiza mtoto jina la Bahati, kama baba yake alivyosema.

Nyimbo zote zimefika, na nimezihesabu: ni kumi na moja. Weye ndiye uliyenifundisha kusoma noti, kwa hiyo naona ninachokiona. Zote ni za msiba. Hakuna shule inayoweza kuwafundisha watoto nyimbo kama hizi. Nani amekufa? Barua zako zinasema mji umetulia.

Na kuna jambo la pili. Katika kila wimbo umeandika sauti ya kwanza, ya pili na ya nne. Mstari wa sauti ya tatu umeuchora, lakini ni mtupu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Umesahau?

Nilimuuliza Bwana Halidi kama amemwona Rémy. Alifunga robota ambalo lilikuwa limefungwa tayari. Kisha akaniambia, "Mama Bahati, uulize kaka yako. Minye iko mutu wa kubeba vitu tu."

Nakuuliza.

Léocadie


Uvira, 30 Agosti 1964

Léocadie,

Sauti ya tatu sikuiandika kwa sababu siku hizi hatuna wa kuiimba. Wanaume wengi wamehama.

Usimsikilize sana Halidi, amezeeka.

Lakini nikueleze jambo, labda weye utanisaidia kulielewa. Jumapili iliyopita, katikati ya misa, nilisikia sauti ya tatu. Haikuwa kubwa. Ilikuwa inaimba mahali pake sawasawa, kama mtu aliyejifunza vizuri. Nikageuka. Nafasi ile ilikuwa wazi. Wanaume wawili wa besi walikuwa wamesimama wakiiachia upana wa mtu mmoja kati yao, na hakuna aliyewaambia waiache. Nikadhani ni masikio yangu. Kisha nikaona wanawake wa mbele nao wamegeuka, wanatazama palepale.

Wavuvi wa ndagala hawatupi tena nyavu mbele ya bandari ya Kalundu. Ukiwauliza wanasema samaki wamehama.

Mbusu mtoto.

Norbert


Uvira, 15 Novemba 1964

Léocadie,

Askari wa serikali waliuchukua tena mji mwezi uliopita. Jana, uwanjani, commissaire, mkuu aliyetumwa na serikali kutoka Bukavu, alinishika mkono, akasema mimi ndiye niliyeulinda mji, na kwamba nitabaki bourgmestre. Watu wakapiga makofi. Niliwatazama wanawake wa kwaya. Mikono yao ilikuwa inapiga, nyuso zao zilikuwa zimefungwa kama madirisha. Nilirudi nyumbani nikachukua karatasi hii.

Rémy amekufa. Alikufa Jumatano, tarehe 17 Juni, mchana. Hakwenda Luvungi. Jina la Bahati hakulitoa yeye. Nililitunga mimi, kwa sababu uliomba jina na sikujua nikujibu nini.

Kamanda aliponiomba liste, orodha ya majina, alisema ni ya watu wa kuendesha ofisi. Nusu yangu iliamini. Nusu nyingine haikutaka kuuliza. Niliandika majina kumi na moja kwa mwandiko wangu mzuri, lile la Rémy juu, na kamanda akanisifu mwandiko. Siku ya Jumatano asubuhi waliitwa, wakaenda na mashati safi. Agathe ndiye aliyempigia Rémy pasi.

Adhuhuri nilikuwa kanisani na kwaya, tukifanya mazoezi ya wimbo wa sikukuu. Halidi akaingia na viatu, yeye anayevivua hata kanisani kwetu, akaja moja kwa moja hadi kwenye kinanda. Akasema, "Norbert, wale watu wamefungiwa mu depo ya pamba. Ile liste iko ya kifo. Enda sasa hivi. Weye kamanda anakupenda, atakusikiliza."

Nilijua anasema kweli. Depo hiyo, ghala la pamba, iko ng'ambo ya barabara, unaiona ukisimama mlangoni mwa kanisa. Lakini nilijua pia kwamba mkurugenzi wa shule, aliyekwenda kuwaombea wengine juma lililotangulia, hakurudi. Nikamwambia Halidi, "Nitaenda tukimaliza." Akanitazama. Akasema, "Mukimaliza nini?" Akatoka.

Niliwaambia waimbaji waanze upya, na waimbe kwa nguvu. Tulipofika ubeti wa pili milio ya bunduki ikaanza. Soprano wakasita. Niliinua mkono: endeleeni. Wakaendelea, Léocadie. Tuliimba mpaka saa kumi.

Nilikwenda kesho yake asubuhi. Sakafu ya depo ilikuwa imeoshwa. Kamanda akaniambia, "Umechelewa, bourgmestre. Lakini wimbo ni mzuri." Miili ilikuwa imepelekwa ziwani kwa mtumbwi, mbele ya Kalundu.

Nyimbo kumi na moja ni zao, kila mtu wake. Mistari ya sauti ya tatu sikuisahau. Nilijaribu kuiandika. Kila nikiweka kalamu, nasikia mtu anavuta pumzi karibu yangu, tayari kuanza.

Fanya na barua hii upendavyo. Mpelekee procureur, mwendesha mashtaka, ukitaka. Sitakana mwandiko.

Norbert


Bujumbura, 6 Desemba 1964

Norbert,

Nilijua kwamba amekufa. Nilijua tangu siku nilipoona mstari ule mtupu, kwa sababu hakuna wimbo uliowahi kutunga tangu uhuru ambao haukuanza na sauti ya Rémy kichwani mwako. Nilivaa kaniki hapa peke yangu. Nilikuuliza kama umesahau ili unijibu kweli. Nilitaka nisikie kwako. Ulinijibu kwamba wanaume wamehama.

Habari ya liste sikuijua. Nilikushukuru, Norbert. Nilikuandikia "asante" siku tatu baada ya kifo chake, na weye uliipokea asante ile, ukanyamaza.

Sitakwenda kwa procureur. Atakuja na askari, atakufunga, halafu utapumzika. Sitaki upumzike. Kuna nyumba nyingine kumi. Wote wanaambiwa na serikali kwamba waume na watoto wao waliuawa na waasi, basi. Ni kweli, lakini si yote. Enda weye mwenyewe, kwa miguu, mlango kwa mlango, kama Rémy alivyozipeleka barua zao. Uwaambie nani aliandika, na nani aliambiwa mapema akaendelea kuimba. Ukimaliza kumi, niandikie. Kabla ya hapo usiniandikie.

Léocadie


Uvira, 28 Januari 1965

Léocadie,

Nimemaliza.

Nilianza na Émérance, mama wa mwalimu Kizito, kwa sababu anaimba soprano na nilidhani atanionea huruma. Alikuwa anachambua mchele. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kuchambua. Akasema, "Tulijua, bourgmestre. Minye nilikuwa pale. Nilimuona Halidi anakuambia, nikakuona unainua mukono."

Nikamuuliza, "Ulijua, na kila Jumapili unakuja kuimba mbele yangu?"

Akasema, "Mutoto wangu alikuwa anakufa, nami nilikuwa naimba. Nitamulaumu nani? Tulikuwa tunakungoja uje useme weye wa kwanza, ili na siye tuseme."

Nikaondoka pale sijui nakanyaga wapi. Miezi yote hiyo nilidhani nina siri. Mji mzima ulikuwa nayo, umeifungia mdomoni, kila mtu na woga wake.

Mwavita, mke wa Maneno wa forodha, hakufungua mlango. Alisema kutoka ndani, "Sema jina lake lote, kisha uende." Nilisema. Akasema, "Rudia." Nilirudia mara tatu.

Baba yake Déogratias alinikaribisha, akaniwekea ugali na samaki wa mukeke, tukala. Alipomaliza kunawa akasema, "Usirudi tena hapa." Nyandwi wa Runingu alinitemea mate, na hilo ndilo lililokuwa jepesi kuliko yote. Nyumba moja haina mtu tena. Nilisema nikiwa mbele ya mlango, mbuzi wakisikiliza.

Nilimrudishia commissaire ofisi yake na mshipi wa cheo, nikamwomba anifungulie mashtaka. Alicheka. Alisema liste imeungua, kamanda hajulikani aliko, na serikali haiwezi kumfunga mtu kwa kuimba. Kwaya nimeiacha. Kinanda kimefunikwa shuka.

Nimefika milango kumi. Wa kumi na moja ni wako. Je, nije?

Norbert


Bujumbura, 4 Februari 1965

Njoo Jumamosi ijayo, tarehe kumi na tatu, mchana. Usilete kitu.

Léocadie


Bujumbura, 14 Februari 1965

Wifi Agathe,

Nakuandikia weye kwa sababu mumeo hatakueleza vizuri, na una haki ya kujua yaliyotokea.

Alifika jana saa saba, kwa miguu kutoka mpakani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa naanika nguo za mtoto. Sikumkaribisha kiti, naye hakukitafuta. Amekonda, wifi, nilitambua koti kabla ya kumtambua mtu. Alisema, "Rémy, mume wako. Niliandika jina lake mimi. Nilipoweza kwenda kumtoa sikwenda." Alisema vizuri, bila kujitetea.

Kisha nikamuuliza swali ambalo sikuwa nimelipanga. Nilimuuliza, "Saa ile mliyokuwa mnaimba, ulisikia nini?"

Bahati alitambaa hadi miguuni pake, akashika suruali yake, nikamwinua mtoto nikambeba. Ndipo Norbert akasema kitu ambacho hakukiandika katika barua yoyote, na nadhani hata weye hakukwambia.

Alisema siku ile kwaya haikuwa na sauti ya tatu, kwa kuwa mwenye sauti alikuwa amefungwa. Walianza bila yeye. Ubeti wa kwanza ulipofika katikati, sauti ya tatu ikaja kutoka ng'ambo ya barabara, kutoka ndani ya depo. Rémy aliujua wimbo. Alikuwa ameufanyia mazoezi pamoja nao siku nyingi. Alisikia kaka yangu anaimbisha, akaingia mahali pake. Kila mtu kanisani aliisikia. Alisema, "Alidhani tunaimba ili ajue tunakuja." Aliimba mpaka ubeti wa pili.

Nilikaa chini udongoni, na mtoto mikononi. Sijui nilikaa muda gani. Norbert alibaki amesimama pale, hakunigusa, hakusema pole. Namshukuru kwa hilo.

Nilipoinuka niliingia ndani nikachota maji, nikampa. Alikunywa yote akiwa amesimama, akarudisha kikombe kwa mikono miwili kama mtoto wa shule. Sikumwambia nimemsamehe, maana si kweli. Sikumwambia asirudi. Aliniuliza kama mtoto nitambadilishia jina, nikasema hapana, ameshalizoea, ukimwita anageuka.

Aliondoka saa tisa. Nilimwambia alale kwa masista, hakukubali. Leo watu waliotoka upande wa Kavimvira wanasema kulisikika bunduki vilimani jana jioni, na wengine wanasema hapana, ilikuwa radi. Nimeuliza kila aliyepita.

Wifi, bado nina hasira naye, na nitakuwa nayo. Lakini tangu asubuhi sijafanya kazi yoyote. Akifika, niandikie. Usiandike barua ndefu. Mpe Bwana Halidi kipande cha karatasi chenye neno moja: amefika.

Léocadie